Mnashuka kwa mzunguko mmoja kila mara? Utatuzi wa matatizo ya mnada na uchezaji wa briji

Mwongozo huu haumfundishi mtu briji kuanzia mwanzo. Ni wa yule anayejua tayari kwamba karata ni 52, wachezaji wanne wamegawanyika wawili dhidi ya wawili, kila mmoja ana 13, mnada unatangulia na mchezo unafuata. Anajua ree (A) ni pointi 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2 na ghulamu (J) 1, jumla 40 kwa pakiti nzima. Shida yake ni kwamba akikaa mezani jioni baada ya kazi, iwe Area C, Kisasa au kwenye bweni la Chuo Kikuu cha Dodoma, anaangushwa na kitu kilekile kila wiki na hajui kinatokea wapi.

Tukubaliane jambo moja kabla ya dalili zenyewe. Matokeo ni homa, si ugonjwa. Mkataba ulioshuka, yaani ulioshindwa kufikisha mizunguko iliyotajwa, unaweza kuwa ulinadiwa vizuri na kuchezwa vizuri, ila karata za wapinzani zikakaa vibaya. Mkataba uliofaulu unaweza kuwa upuuzi uliookolewa na mpinzani aliyekuwa anachungulia simu. Unapotafuta chanzo, acha kuuliza "tumepata ngapi?" Uliza uamuzi upi ulifanyika, ulifanyika lini, na aliyeamua alikuwa anajua nini wakati ule. Mengi yanayolalamikiwa mwishoni mwa mchezo yalishaamuliwa kwenye mnada au kwenye karata ya kwanza.

Kuhusu maneno: rangi ni shupaza, kopa, uru na pau, shupaza na kopa ni rangi kubwa, uru na pau ni ndogo. Mzunguko ni karata nne zinazotupwa mezani, aliyeweka kubwa anazila. Mwenye mkataba ni anayecheza karata zake na zile za mwenzake zilizolazwa mezani. Walinzi ni wale wawili wanaotaka ashuke. Turufu ni rangi inayozishinda nyingine zote, na kukata ni kuila rangi usiyo nayo kwa turufu. Ukitaja 2 kopa umeahidi mizunguko sita na miwili zaidi, kopa ikiwa turufu; 3 bila turufu ni sita na mitatu, hakuna turufu. Gemu ni mkataba mkubwa wa kutosha kupata bonasi, na kuwa hatarini ni hali ambayo bonasi na adhabu zote ni kubwa zaidi.

Dalili: "Tulikula mizunguko kumi, lakini tulikuwa tumetaja 2 kopa"

Hii inaumiza kuliko zote kwa sababu haionekani kama kosa. Watu wanapongezana, tumefaulu na ziada mbili! Sasa angalia hesabu. 2 kopa ikiishia mizunguko kumi inalipa 170. 4 kopa kwa mizunguko hiyohiyo inalipa 420, au 620 mkiwa hatarini. Mmeziacha mezani 250 au 450. Harold Vanderbilt alipoutengeneza mfumo wa hesabu wa briji ya mkataba mwaka 1925, kiini chake kilikuwa hiki hasa: unachokula bila kukitaja hakikusogezi kwenye gemu. Katika briji ya mnada iliyotangulia, mizunguko ya ziada nayo ilihesabiwa, kwa hiyo kunyamaza hakukuwa na gharama kubwa. Leo kuna gharama.

Chanzo cha kawaida ni mfunguaji anayedhani mazungumzo yameisha kwa sababu rangi imepatikana. Una karata hizi:

shupaza A 4
kopa A K 8 6 3
uru K Q 7 2
pau 9 5

Umefungua 1 kopa, mwenzako amesema 2 kopa. Wengi hupasi hapa wakiwa na furaha. Lakini mwenzako ameahidi pointi 6 hadi 9, wewe unazo 16, kwa hiyo pamoja mna 22 hadi 25, na gemu ya rangi kubwa huhitaji takriban 25. Hujui kama mmefika, basi muulize. Sema 3 kopa, au bora zaidi 3 uru kama mmekubaliana kwamba tamko hilo linaomba msaada kwenye rangi hiyo. Mwenzako akiwa na shupaza K 8 3, kopa Q 7 4, uru 8 4 na pau A 8 6 4 2, ana pointi 9 na uru zake ni mbili tu, maana yake uru ya tatu na ya nne zitakatwa kwa turufu. Anaruka hadi 4 kopa bila kusita. Hesabu unachopoteza: uru moja kwa ree, pau moja, na labda turufu moja zikigawanyika vibaya.

Chanzo cha pili ni kupasi mahali ambapo hapapasiwi. Ukifungua 1 uru na mwenzako, ambaye hakuwa amepasi kabla yako, akajibu 1 shupaza, kwa makubaliano ya kawaida huwezi kumwacha hapo. Anaweza kuwa na pointi 6, anaweza kuwa na 16. Rangi mpya kutoka kwa anayejibu ni swali, na swali linajibiwa hata kama karata zako zinakutia aibu.

Chanzo cha tatu ni woga wa kushuka, na huu unatibiwa kwa hesabu wala si kwa kutiana moyo. Hamko hatarini. Ukitaja 4 kopa ukala tisa, unatoa 50 badala ya kupata 140 za 2 kopa yenye ziada, tofauti 190. Ukila kumi, unapata 420 badala ya 170, tofauti 250. Kwa hiyo gemu yenye nafasi pungufu kidogo ya nusu bado inalipa. Mkiwa hatarini ndiyo kabisa: hasara ni 240, faida ni 450. Ajabu ni kwamba watu wakiwa hatarini ndipo wanapojikunyata.

Namna ya kupima chanzo ni kipi kati ya hivyo: chukueni mnada ulioisha vibaya, na kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila kuonyeshana, pointi alizodhani mwenzake anazo baada ya kila tamko. Halafu linganisheni. Mara nyingi huenda hivi:

"Mzee, pale niliposema 3 kopa ulidhani nina ngapi?"
"Kumi na tatu, kijana wangu. Nikajua unawazibia tu hao njia."
"Nilikuwa na kumi na saba."

Tatizo hapo si la mzee wala la kijana. Hawajawahi kukaa wakakubaliana 3 kopa ya aina hiyo inamaanisha nini. Chukueni daftari, andikeni, msaini kama mnapenda.

Zoezi la mnada kwa watu wawili

Hamhitaji watu wanne kufanya mazoezi ya mnada, na kusubiri wapatikane ndiko kunakochelewesha wengi. Tatizo la kugawa karata kawaida ni kwamba nusu ya wakati pointi ziko kwa wapinzani na nyie mnapasi tu. Fanyeni hivi: toeni 2, 3 na 4 za rangi zote nne, jumla karata 12, mziweke pembeni. Zilizobaki ni 40, na pointi zote 40 zimo humo. Changanyeni, kila mmoja achukue 13, zinazobaki 14 zifunikwe. Kwa wastani nyie wawili mtakuwa na pointi 26, yaani karibu kila mgawo unauliza swali la gemu. Mkitaka maswali ya mpakani, toeni 2 na 3 peke yake. Wastani unashuka hadi kati ya 23 na 24, na hapo ndipo pagumu.

Nadini, andikeni mkataba mliofikia, ndipo mlaze karata zote 26 mezani na kuamua kama mngependa kuucheza. Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ina muda wa kutosha kwa migawo mingi ya namna hii, na hamhitaji meza mpaka mwisho wa mnada. Watumishi wanaokwenda na kurudi kila mwisho wa wiki wana bahati hiyo, sijui kwa nini wanailala.

Onyo: msitumie mgawo huu kufanya mazoezi ya uchezaji. Kwa kuwa karata ndogo zote mmeshawapa wapinzani, kila rangi ina angalau tatu upande wao, na mtazoea migawanyiko ambayo kwenye pakiti kamili haiko hivyo.

Dalili: "Tuna pointi lakini tunashuka miwili mitatu"

Hapa ni kinyume, mnapaa mno. Chunguza kwanza unahesabuje. Pointi 4-3-2-1 ni kipimo kizuri cha karata zenye urefu na zenye wenzake, ni kipimo kibaya cha malkia aliyekaa peke yake. Tazama hizi mbili:

shupaza Q J 5, kopa K 8 6 3, uru Q 5 4, pau K J 7
shupaza A J 10 8 4, kopa 6, uru A 10 9 7 3, pau K 5

Zote ni pointi 12. Ya kwanza ipasi bila majuto: haina ree, haina urefu, na malkia wa uru huenda asile kitu. Ya pili ifungue 1 shupaza. Kama unataka kanuni ya haraka, jumlisha pointi na urefu wa rangi zako mbili ndefu kuliko zote. Ikifika 20, fungua. Ya kwanza inatoa 19, ya pili 22.

Kosa jingine ni kujiongezea pointi za ufupi kabla ya kupata rangi ya pamoja. Kukosa rangi kabisa ni mali pale tu mwenzako anapokubali turufu yako, kwa sababu hapo utakata. Mkiwa hampatani, wewe una kopa yeye ana pau, ufupi uleule ni mzigo: hamwezi kuingia upande wa pili. Wakati huo atakayepasi mapema ndiye mwenye akili. Mkishapata turufu, ongeza takriban 3 kwa rangi unayokosa kabisa, 2 kwa yenye karata moja, 1 kwa yenye mbili.

Na kuna chanzo ambacho watu hawapendi kukisikia: hasira. Mmeshuka mgawo uliopita, sasa mnataka kurudisha. Karata mpya hazijui habari za mgawo uliopita.

Dalili: "3 bila turufu inashuka kwa mmoja, kila mara mmoja"

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiko gemu nyingi zinakokufa, na chanzo kikubwa kiko kwenye karata ya kwanza kabisa.

Wengi wetu tumekulia kwenye wahedi-sitini, ambako karata zina thamani zake na anayefika 61 ameshinda. Kule ukiona mzunguko mnono unaula upesi. Tabia hiyo ikihamia kwenye briji inakuwa sumu. Huku mzunguko ni mzunguko: ulioula kwa ree na ulioula kwa 5 una thamani moja. Ree haina faida ya pekee isipokuwa wakati wake, na wakati huo wewe ndiye unayeuchagua.

Wewe umefungua 1 bila turufu, mwenzako ameruka hadi 3.

Mezani:
shupaza 7 4
kopa K 8 3
uru A Q J 10 6
pau 9 5 3

Zako:
shupaza A 9 3
kopa A 7 5
uru 9 8 4
pau A K 6 2

Aliye kushoto kwako anaanza na shupaza 6, aliye kulia anaweka malkia. Usiguse kitu. Weka mikono mapajani kama ni lazima.

Hesabu mizunguko ya uhakika: shupaza 1, kopa 2, uru 1, pau 2. Jumla sita, unahitaji mitatu zaidi. Itatoka wapi? Uru, hakuna kwingine. Utaanza 9 kutoka mkononi ukipenyeza, yaani kumpita mfalme ukitumaini yuko kushoto. Akiwa kushoto, una uru tano. Akiwa kulia, utapoteza mzunguko mmoja na bado una uru nne: 1 na 2 na 4 na 2, tisa kamili. Kwa hiyo uru peke yake inatosha, mfalme awe popote. Basi hatari ni nini? Hatari ni kwamba aliye kulia akila mfalme, arudishe shupaza, na aliye kushoto ale nne mfululizo. Moja ya uru na nne za shupaza ni tano. Umeshuka mmoja.

Tiba ni kuinyima ree kazi. Waache wale shupaza ya kwanza, waache wale ya pili, kula ya tatu. Kama shupaza zao nane ziko tano kwa tatu, aliye kulia amebaki bila shupaza. Sasa penyeza uru. Mfalme akiwa kwake, ale tu, hana cha kumrudishia mwenzake. Kama shupaza ziko nne kwa nne, bado anayo moja, lakini hapo wamekula shupaza tatu tu na mfalme mmoja, na wewe una tisa. Mpango umeshinda pande zote mbili.

Idadi ya kusubiri ina kanuni yake: toa idadi ya karata mlizonazo wewe na meza kwenye rangi hiyo kutoka 7. Hapa mna tano, 7 toa 5 ni 2, unasubiri mara mbili. Kanuni hiyo isikupofushe. Kama kuna rangi nyingine ambako mko wazi zaidi, usisubiri, kwa sababu walinzi watahamia huko. Na kama mzunguko utakaopoteza utakwenda kwa yule mwenye shupaza ndefu, kusubiri hakukusaidii.

Vyanzo vingine vya dalili hii nitavitaja kwa ufupi. Kula ree na wafalme wote mwanzoni "wasije wakaliwa": unawafungulia wapinzani malkia na maghulamu wao, halafu huna pa kurudia. Kula mzunguko wa kwanza upande usiofaa, kisha karata nzuri zikabaki mezani bila njia ya kuingilia. Kutegemea rangi yenye karata saba igawanyike tatu kwa tatu: wapinzani wakiwa na karata sita, mgawanyiko huo hutokea asilimia 36 tu, nne kwa mbili ni 48. Wakiwa na karata tano, tatu kwa mbili ni asilimia 68. Huko unaweza kujenga. Kupenyeza mara moja ni nusu kwa nusu. Mchezaji mzuri hupanga nafasi zake kwa foleni: anajaribu kwanza ile ambayo ikikataa bado anabaki na nyingine.

Zoezi: gawa karata, lazeni za mezani, karata ya kwanza ianzishwe, halafu simamisheni mchezo. Mwenye mkataba aandike mistari minne: nina ngapi za uhakika, zinapungua ngapi, zitatoka rangi ipi, nimwogope nani. Ndipo acheze. Mkishafanya hivi jioni nzima mtaona mchezo wenyewe umekuwa mfupi, kwa sababu umeshachezwa kichwani. (Kama mnakaa ndani, fungeni dirisha la upande wa upepo, kama ni nje, tafuteni kokoto. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane hauheshimu karata zilizolazwa mezani.)

Dalili: "Turufu zangu zilikuwa nzuri, nikazimaliza, nikashuka"

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kila meza, "toa turufu kwanza", na ni nusu ya ukweli. Toa turufu kwanza kama huna kazi nazo mezani. Mfano, 4 shupaza:

Mezani:
shupaza 9 8 4
kopa 7
uru A 8 6 5 3
pau Q 7 4 2

Zako:
shupaza A K Q J 5
kopa A 8 3
uru 9 4
pau K 6 5

Wameanza na mfalme wa kopa. Turufu tano, ree mbili, pau moja: nane. Mbili zilizopungua ni kopa zako 8 na 3, zikikatwa mezani. Ukitoa turufu mara tatu, meza imebaki mikono mitupu na umeshuka. Kula ree ya kopa, kata kopa moja, rudi kwa turufu, kata ya pili, halafu ndipo ushughulike na turufu zilizobaki. Mizunguko kumi.

Angalia kwamba faida inatoka upande wenye turufu chache. Ukikata kwa turufu zako tano ndefu hujaongeza chochote, ulikuwa unazo hizo tano tayari. Wanaopenda kukata kutoka mkononi kwa sababu inapendeza kusikia karata ikigonga meza, wanajipunguzia turufu na kumpa mpinzani uongozi.

Kuhusu malkia wa turufu aliyepotea: mkiwa na karata nane, penyeza, mkiwa na tisa, piga ree na mfalme ukitegemea adondoke. Tofauti yenyewe kwenye tisa ni ndogo sana, kwa hiyo ukiwa na sababu yoyote ya maana kutoka kwenye mnada, ifuate hiyo badala ya kanuni.

Dalili: "Wapinzani wanafaulu mikataba ambayo haikustahili"

Ulinzi ni mgumu kuliko yote na mazoezi yake ni machache kuliko yote. Anza na kuhesabu. Rudi kwenye mgawo wa 3 bila turufu, sasa wewe umekaa kulia kwa mwenye mkataba, una shupaza Q 10 5 na mfalme wa uru, jumla pointi 5. Meza ina 10. Mwenye mkataba, kwa kufungua 1 bila turufu, ameahidi 15 hadi 17. Kwa hiyo mwenzako ana 8 hadi 10. Hujaona karata yake hata moja zaidi ya ile 6, na tayari unamjua.

Hiyo 6 nayo inasema. Kama mmekubaliana kuanza na karata ya nne kutoka juu katika rangi ndefu, toa 6 kutoka 11, unapata 5: karata tano zinazoizidi 6 ziko mikononi mwa hao watatu wengine. Unaiona 7 mezani, unazo malkia na 10. Mwenye mkataba ana mbili tu. Anayecheza bila kufanya hesabu hii anacheza kwa kubahatisha, na akipatia hatajua kwa nini.

Chanzo cha pili ni ukimya wa karata. Walinzi wanaruhusiwa kuelezana kwa karata wanazotupa, kubwa kusema "endelea", ndogo kusema "sitaki", mradi wapinzani nao wajue makubaliano hayo. Hawaruhusiwi kuelezana kwa macho, kwa kuguna, kwa kukunja uso wala kwa kuchelewa makusudi. Kukonyezana kwa karata za barazani kuna utamu wake, lakini hapa ni udanganyifu, na ukimzoesha mwenzako atakuaibisha siku mtakapocheza na wageni.

Dalili: "Tunafanya mazoezi kila siku na hatuendelei"

Uliza mnafanya nini hasa. Kucheza migawo mingi na roboti za tovuti ya briji ya Bridge Base Online kunafurahisha, na kama bando linatosha sina ubishi, lakini mchezo wa haraka unakufundisha matokeo, haukufundishi uamuzi. Unashuka, unabonyeza, unapewa mgawo mwingine, na kosa limepita bila kuulizwa jina.

Badilisha uwiano: migawo michache, maswali mengi. Kwenye kila mgawo chagueni sehemu moja tu ambapo kulikuwa na njia mbili za kweli. Andikeni kwenye daftari mlichokuwa mnakijua wakati ule, mlichochagua, na sababu. Matokeo yaandikwe ukurasa wa nyuma, au msiyaandike kabisa. Baada ya wiki kadhaa pitieni sababu peke yake. Kama sababu nyingi zinaanza na "nilihisi", chanzo mmekipata. Kama zinaanza na "mwenzangu alipaswa", pia mmekipata, ila tiba yake ni ya maneno ya upole.

Na mwisho wa mgawo uliozua ubishi, msibishane karata zikiwa zimechanganywa tayari. Zirudisheni kama zilivyokuwa, badilishaneni viti, aliyelaumu aketi alipokaa aliyelaumiwa, na azione karata 13 tu, si 52. Mpe mnada uleule, neno kwa neno, asikie kama mwenzake alivyosikia. Atakachokitaja hapo, kiandikeni.